Panya waliochanjwa kwa DNA ya malaria: kingamwili zikipanda, inatosha?

Kijana wa Pasua (Moshi):
Wakuu, habari za jioni. Naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya pili. Nataka kuchanja panya kwa DNA ya CSP, protini inayofunika kimelea cha malaria kinapotoka kwa mbu. Bajeti imebana, kwa hiyo nimeweka ELISA peke yake: natoa damu, napima kingamwili, basi. Mwenzangu anasema nitarudishwa. Kwani kingamwili zikipanda si ndiyo kinga yenyewe?

Mzee wa Njiro (Arusha):
Mdogo wangu, msikilize huyo mwenzako. Nimekaa na panya wa maabara muda mrefu, na jambo hili huniuma kila nikiliona.

Mwaka 1994 Martha Sedegah na wenzake waliwadunga panya wa BALB/c (ukoo wa panya wa maabara), kwenye msuli, plasmidi, yaani duara dogo la DNA ya bakteria, yenye jeni ya CSP ya *Plasmodium yoelii*, kimelea cha malaria ya panya. Kingamwili zilipanda, seli T za kuua (askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa) zikaamka, na zaidi ya nusu ya panya hawakuambukizwa walipopewa vimelea hai. Lakini zilipoondolewa seli T za CD8, yaani hizo za kuua, kinga ikapotea. ELISA ingewapa panya hao alama za juu, na bado wangeugua!

Kimelea kikishaingia kwenye seli ya ini, kingamwili hazikifikii tena. Seli T ndizo huitambua seli hiyo na kuiua.

Kwa hiyo, ili upime na seli T, chukua bandama, zimejaa humo. Unaiponda taratibu juu ya chujio kwa kitako cha bomba la sindano, unagawa seli kwenye sahani ya vishimo 96, unaziamsha kwa kipande cha CSP. Seli inayokikumbuka hutoa interferoni gama, protini ya kuamsha kinga, na pale ilipokaa panabaki doa. Unahesabu madoa. Hiyo ndiyo ELISPOT. Damu na bandama vitoke kwa panya yuleyule. Ukibanwa na pesa punguza makundi, usipunguze vipimo. Mnyama amekufa kwa ajili ya swali lako, basi lijibu lote.

Dada wa Kibosho:
Naongezea: weka kundi la plasmidi tupu, isiyo na jeni ya CSP, maana DNA ya bakteria yenyewe huichokoza kinga. Na kwenye ELISA tenganisha IgG1 na IgG2a, aina mbili za kingamwili: utajua kinga imeelekea zaidi kwenye kingamwili au kwenye seli za kuua.

Mkulima Mabogini:
Huku kwenye mpunga mbu hawatuachi. Hiyo ya DNA itatufikia lini?

Mzee wa Njiro:
Ndugu yangu, chanjo za malaria zilizopendekezwa na WHO kwa watoto ni RTS,S (2021) na R21 (2023). Zote zimejengwa juu ya CSP hiyohiyo, ila ni protini, si DNA. Ya DNA ilipojaribiwa kwa watu 20 wa kujitolea Marekani, matokeo yakatoka 1998: 11 walipata seli T za kuua, kingamwili hazikuonekana. Panya alikuwa ameonyesha vyote viwili. Ndiyo maana wengine wakaanza kuchanja kwa DNA kwanza, kisha kuongezea virusi dhaifu vyenye jeni ileile.

Kijana wa Pasua:
Shikamoo mzee, asante sana. Naondoa kundi la dozi ya kati, naingiza ELISPOT na plasmidi tupu. Chujio liwe la tundu kiasi gani?

Mzee wa Njiro:
Marahaba. Mikromita 70. Na unapoziandaa seli, zikae kwenye barafu.