Tupeane uzoefu: umesafishaje /etc/portage yako?

FundiKerneli
Wakuu, salaam. Hapa naongea na watu wa Gentoo (Linux ambayo programu zake kwa kawaida unazijenga mwenyewe), na yeyote mwingine anayejijengea paketi kutoka msimbo chanzo. Kuongeza mstari kwenye package.use, faili lililomo /etc/portage la kuwasha na kuzima flagi (vipengele) za paketi moja moja, kila mtu anajua. Portage, msimamizi wa paketi wa Gentoo, yenyewe inakuandikia ukiiruhusu. Kuutoa sasa! Mstari unawekwa kwa ajili ya programu fulani, programu inafutwa, mstari unabaki na kuendelea kutoa amri. Tupeane uzoefu: ulianzia wapi kusafisha, nini kiligoma, ulipata faida gani?

Mimi kilichonisukuma ni binari. Tangu Desemba 2023 Gentoo wanatoa paketi zilizokwisha kujengwa kwa amd64 na arm64, zikiwemo Plasma, GNOME na LibreOffice. Kwetu ambako umeme una ratiba yake si jambo dogo: paketi nzito kama qtwebengine inaweza kuanza kukompaili magharibi na asubuhi ukaikuta bado ipo njiani. Sasa nikiendesha `emerge -pvuDNg @world` (amri ya Portage ya kuonyesha sasisho la mfumo mzima bila kulitekeleza) naona `[ebuild`, yaani za kujenga, zimejaa na `[binary` za kuhesabu. Sababu ni kwamba Portage inalinganisha flagi za binari na zile ulizoomba wewe. Zikipishana, hata kwa flagi moja, binari inarukwa na kazi ya kujenga inarudi kwenye mashine yako.

Nikafungua package.use. LibreOffice ilikuwa na `-cups` (kuzima uchapishaji) ya enzi za diski ndogo, nilipokuwa nabana kila kitu. Nilipoifuta, ikaja kama binari. Tangu hapo kigezo changu ni kimoja: mstari unaopingana na profaili (mipangilio ya msingi unayopewa na Gentoo) ujieleze kwa nini upo, la sivyo unaondoka.

StimaImepotea
Uzi mtamu huu, mkuu. Yangu ni ya Wine, ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux.

Programu za Windows za biti 32 zilikuwa zinataka kila maktaba iliyo chini ya Wine ijengwe mara mbili, biti 64 na biti 32. Portage inakuuliza, unakubali, unafungua dispatch-conf (zana ya kupitisha mabadiliko ya faili za mipangilio) na kubonyeza `u` kuyakubali, basi package.use inajaa hivi:

```
# required by app-emulation/wine-staging
>=x11-libs/libXcursor-1.2.1 abi_x86_32
```

Mistari ya namna hiyo unashusha ukurasa hadi kidole kinachoka. Na ubaya wake hauko kwenye wingi. Mesa (maktaba ya michoro) ya biti 32 inavuta LLVM (zana kubwa za kikompaila) ya biti 32, kwa hiyo kila LLVM mpya ikitoka unaikompaili mara mbili, hata kama Wine hujaifungua tangu mwaka jana. Stima ikipotea katikati, ni `emerge --resume` kuendelea ulipoishia, nayo paketi iliyokatwa inaanza upya toka mwanzo.

Nilichofanya: mistari yote ya abi_x86_32 niliitoa kwa grep nikaiweka kwenye faili moja, `package.use/wine-32`. Hilo peke yake lilinisaidia kuona ukubwa wa tatizo. Kisha nikaangalia Wine yenyewe. Kuanzia Wine 9.0 ya Januari 2024, njia mpya ya WoW64 imekamilika vya kutosha kuendesha programu za biti 32 bila maktaba za Linux za biti 32, na kwenye Gentoo kuna flagi ya `wow64`. Nikaiwasha, faili la wine-32 nikalihamishia nje kabisa, nikaendesha emerge na `-p` nione itasema nini. Ikalalamikia paketi chache. Hizo tu nikazirudisha, kila moja na komenti yake.

Angalizo kwa atakayejaribu: usilibadili jina kuwa `wine-32.bak` ukaliacha humo humo kwenye folda. Portage inasoma kila faili lililomo, isipokuwa lile linaloanza na nukta au linaloishia na `~`. Utadhani umelizima kumbe linafanya kazi kama kawaida.

BiTerminali
Assalaam alaykum jamani. Mimi naona mnaongelea package.use tu, ilhali nyoka yuko kwenye package.accept_keywords, faili la kuruhusu matoleo ya majaribio.

Mtu anataka toleo jipya la OBS (programu ya kurekodi skrini) ambalo bado ni la majaribio. Anaandika `media-video/obs-studio ~amd64`, bila namba ya toleo, anapata alichotaka, maisha yanaendelea. Lakini huo mstari hausemi "nipe toleo hili". Unasema "nipe la majaribio milele". Toleo alilolitaka likishakuwa tulivu, yeye keshavutwa kwenye linalofuata, na maktaba zake nazo zinadai mistari yao. Ukikuta mashine nusu tulivu nusu majaribio, na emerge inatoa migongano mirefu kama hati ya shamba, angalia hapo kwanza.

Mimi naandika hivi:

```
~media-video/obs-studio-30.0.2 ~amd64
```

Alama ya mwanzo inaruhusu marekebisho yote ya 30.0.2, na si zaidi ya hapo. Toleo likiondolewa kwenye mti (hazina ya paketi za Gentoo), mstari unakufa wenyewe na `eix-test-obsolete`, zana ya kutafuta mistari isiyo na kazi, inauonyesha. Mstari unaojua kufa ni mwepesi kuufagia.

Mgeni_wa_Emerge
Wakubwa shikamooni. Nimeendesha hiyo eix-test-obsolete sasa hivi, imenitolea orodha ndefu ya mistari isiyo na kazi. Naweza kufuta yote tu?

BiTerminali
Marahaba mwanangu. Usifute yote kwa mkupuo. Ile inakwambia mstari hauna athari *leo*. Wa package.mask (faili la kuzuia paketi) unaozuia kitu ambacho hakijakuja, huenda ndio sababu hakijaja. Soma mmoja mmoja. Ambao umeamua kuubakiza kwa makusudi, iandike paketi yake pamoja na aina ya onyo la kunyamazisha kwenye `/etc/portage/package.nowarn`, eix haitakusumbua nao tena. Na uanze na `eix-update` kuhuisha kumbukumbu ya eix, usije ukawa unasoma habari za mti wa zamani.

MrithiWaSeva
Nilirithi seva ya kazini kutoka kwa mtu aliyeondoka. Nafungua make.conf (faili la mipangilio ya mfumo mzima) nakuta `USE="-* ..."`. Kwa wasiojua, ile `-*` inafuta flagi zote ambazo profaili na paketi zinakuwekea, halafu unarudisha zako moja moja kwa mkono. Jamaa alikuwa hodari, sikatai, lakini package.use yake ilikuwa ni kuziba matobo ambayo `-*` imeyatoboa. Hakuna komenti hata moja.

Chini yake akawa amefunga PYTHON_TARGETS, yaani matoleo ya Python ambayo paketi zinajengewa, kwenye 3.11. Juni 2024 Gentoo walipohamia Python 3.12 kama chaguo la kawaida, ile seva haikuhama. Ikang'ang'ania, na kila sasisho likawa ugomvi.

Sikugusa seva moja kwa moja. Nilinakili `/etc/portage` kwenye mashine ya majaribio, nikaondoa `-*` na mistari ya Python, nikaona emerge inataka kuongeza nini. Nyingi zilikuwa flagi ndogo ndogo. Zile ambazo seva haina haja nazo kabisa, kama X na bluetooth, nikazizima kwa jina. Ikafuata `emerge -avuDN @world`, kisha `emerge -a --depclean` inayofuta paketi zisizohitajika tena, Python ya zamani ikaondoka. package.use ya mwenzetu haijaisha yote, lakini iliyobaki nimeielewa.

Kondakta_Git
Mimi tofauti kidogo. Sisafishi kwa msimu. `/etc/portage` yote iko kwenye git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko), kila mstari unaingia na sababu yake kwenye ujumbe wa kuhifadhi. Nikitaka kujua mstari umetoka wapi, `git blame`. Komenti ndani ya faili watu huzinakili tu bila kuzisoma.

StimaImepotea
@Kondakta_Git hiyo ni nzuri kwa aliyeanza nayo. Anayeanza leo na faili la miaka, blame yote itamwonyesha tarehe ya leo.

Kondakta_Git
Hapo sina jibu mkuu 😂

FundiKerneli
Asanteni. Niongeze la faili la world, orodha ya paketi ulizoomba mwenyewe, maana hakuna aliyeligusa. Lisome, `/var/lib/portage/world`. Likiwa na majina yanayoanza na `dev-libs/` au `media-libs/`, mengi yaliingia kwa sababu mtu alijenga upya maktaba bila `-1`, inayozuia jina kuandikwa humo. Unayatoa kwa `emerge --deselect`, hayafuti kitu, yanatoka kwenye orodha tu. Baadaye depclean ndiyo inaamua, na ikigoma ikisema kuna mategemeo hayajatimia, maliza kwanza sasisho la @world. Kabla ya kukubali, `emerge -pv --depclean` jina la paketi itakuonyesha nani bado anaihitaji.

@Mgeni_wa_Emerge ukimaliza hiyo orodha yako, leta hapa mistari uliyoshindwa kuielewa, na toleo la profaili yako.