Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na naenda Guangzhou. Nitakula nini kule?

Mzigo Njiani:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa kweli, utani uje baadaye. Mimi ni mfanyabiashara hapa Kariakoo, nauza vyombo vya ndani. Nilikuwa bonge hasa, kilo 142, presha na sukari zikawa zinagombania ipi itaniua kwanza. Nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, namshukuru Mungu ulienda salama na kilo zinashuka. Sasa nasafiri kwenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton awamu ya pili, ile ya vyombo, tarehe 23 hadi 27 Oktoba. Baada ya hapo nitazunguka masoko, jumla kama wiki mbili. Swali langu ni moja tu: kule nitakula nini kinachoingia kwenye tumbo dogo na bado nipate nguvu ya kutembea kutwa nzima? Mimi Muislamu, kwa hiyo nguruwe hapana. Anayejua anisaidie.

Kitasa:
Niko siti ya mbele.

Shangazi wa Temeke:
Hongera baba. Bei gani? Na ulifanyia hapa hapa au India? Mimi nina kilo 118 na magoti yameanza kulalamika nikipanda daladala.

Fundi Saa:
Hata mimi nimekuja kwa ajili ya bei.

Mzee Kibuyu:
Vijana mna kazi. Sisi tulikuwa tunatoka Mbagala kwa miguu mpaka Kurasini na kurudi, nani alikuwa na kitambi? Nyinyi chipsi mayai saa sita za usiku, soda juu, halafu mnaenda kukatwa matumbo aliyowapa Mungu. Ungeacha wali wa usiku tu ingetosha.

Mzigo Njiani:
Mzee wangu shikamoo. Wali wa usiku niliacha mara nyingi, ukarudi. Tuendelee na swali.

Canton Zamani:
Nimeishi kule miaka, nikujibu. Guangzhou hufi njaa. Teremka mtaa wa Xiaobei, utakuta Waafrika na migahawa ya Waislamu kila kona. Tafuta maandishi ya "qingzhen", ndiyo halali yao. Kwa tumbo lako kuna yai la mvuke, laini kama uji mzito. Kuna tofu laini, ile ya maharage ya soya, na samaki wa mvuke, na Wakantoni kwa samaki hawana mpinzani. Maduka ya saa 24 yanauza mayai yaliyochemshwa kwenye chai na viungo. Maziwa ya soya yapo kila asubuhi, ila sema "wu tang", maana yake bila sukari. Wasikudanganye na uji wao wa wali, ni maji na wanga. Ukiuchukua, chukua wenye samaki ndani. Alipay na WeChat viandae ukiwa hapa, noti zitakusumbua.

Mwaka wangu wa kwanza nilikula kitu kitamu sana, nikadhani ni kuku mchanga. Nikaomba sahani ya pili. Mwenyeji wangu akanionyesha picha ya chura. Sikutapika. Nilimalizia, nilikuwa nimeshalipa.

Kitasa:
Ya chura funga ukurasa 😂

Nesi Mstaafu:
Mwanangu Mzigo, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Kabla hujaandika orodha ya mayai na tofu, nijibu: ulifanyiwa lini? Ni slivu, ile ya kukata tumbo likabaki mrija, au baipasi, ya kuhamisha utumbo? Na unatapika?

Mzigo Njiani:
Ni slivu, mama. Si muda mrefu sana. Kuhusu kula naendelea vizuri. Je, unga wa dagaa naweza kubeba? Nimeambiwa una protini nyingi.

Nesi Mstaafu:
Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao inaweza kuwa protini, ni chakula kizuri sana kwako ukiwatia kwenye supu. Nyama na mayai usijaribu kuingia navyo China, wananyang'anya. Sasa nijibu lini.

Mzigo Njiani:
Mwanzoni mwa Septemba.

Shangazi wa Temeke:
Septemba hii???

Mzigo Njiani:
Ndiyo, Septemba hii. Naomba msinirukie. Nikipanda ndege nitakuwa wiki ya sita au ya saba, na nimesoma kuwa wiki ya sita mtu anaanza chakula cha kawaida. Tiketi nimelipa, viza imetoka, wateja wameshaweka oda za sikukuu. Kontena linakaa baharini mwezi na zaidi, nikichelewa sasa Desemba nauza hewa. Wenye ajira mna likizo ya ugonjwa, sisi fremu inadai kodi.

Mzee Kibuyu:
Si nilisema.

Nesi Mstaafu:
Hukusema chochote mzee. Mzigo, wiki ya sita si amri ya kupanda ndege usiku mzima. Mtu mzito aliyetoka kukatwa damu yake inaganda miguuni upesi akikaa bila kusogea. Daktari aliyekufanyia amesema nini kuhusu safari?

Mzigo Njiani:
Sijamuuliza moja kwa moja.

Mpiga Ramli:
Wakuu mimi nitavunja uzi. Hii ni chai, stori ya kutunga. Ingieni kwenye nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa nne huyu huyu alikuwa Singida anauliza mashine ya kukamua alizeti. Leo yuko Kariakoo na vyombo, amekatwa tumbo, anaenda China. Binadamu gani huyo? Nawaambia mapema, hili ni tangazo. Subirini, dakika si nyingi atatokea mtu na poda ya protini.

Afya Tele Duka:
Habari ndugu. Tunayo poda ya protini asilia inayoyeyusha mafuta ya tumbo bila upasuaji. Njoo inboksi.

Mpiga Ramli:
😂😂😂 Sina la kuongeza.

Kitasa:
Nimeanguka kwenye kiti.

Fundi Saa:
Kumbe nimesubiri bei ya chai.

Mzigo Njiani:
Huyo wa poda simjui. Mashine ya alizeti ni ya shemeji yangu, hana akaunti humu, nikamwulizia kwa jina langu. Mtu ana shida unamwita tapeli. Basi kama ni chai, kaeni bila sukari.

Mama Tausi:
Ngoja nimpime. Mimi nina slivu, nimefanya mwaka juzi. Mtu wa kweli hashindwi hili. Mzigo, taja dawa ulizotoka nazo na unazimeza vipi.

Mzigo Njiani:
Vitamini mchanganyiko. Kalsiamu, nikaambiwa nisinywe zote kwa mkupuo. Madini ya chuma, yasikutane na kalsiamu, angalau saa mbili katikati. B12. Na ya kupunguza asidi, nameza kabla ya kula. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ndugu zake nimekatazwa. Nimepita mtihani?

Mama Tausi:
Umepita. Sijawahi kuona mtu wa chai anayejua kalsiamu na chuma hazikai pamoja. Lakini sehemu ya pili umeikwepa. Unazimeza?

Mzigo Njiani:
Nilizimeza wiki mbili za mwanzo.

Mama Tausi:
Halafu?

Mzigo Njiani:
Sawa, niseme yote, maana humu hamnijui sura. Nimepungua haraka na watu wameshaanza. Dukani wananong'ona kwamba bosi kakanyaga miwaya, yaani nina Ukimwi. Siku moja kijana wangu kaona makopo ya vidonge kwenye droo, kesho yake mtaa mzima unanipa pole kwa macho. Upasuaji sijamwambia mtu zaidi ya mke wangu. Na China nalala chumba kimoja na wenzangu wawili wa mtaa huo huo. Nikianza kumeza vidonge saa hizi na saa hizi mbele yao, nimekwisha. Ndiyo maana naulizia chakula. Nilifikiri nikila vizuri, vidonge vinaweza kusubiri.

Shangazi wa Temeke:
Pole jamani. Dada yangu alipungua kwa kisukari wakamzushia hivyo hivyo mpaka mchumba akakimbia. Alipopona mchumba akarudi na keki. Tuliila, yeye tukamrudisha kwao.

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu, hilo nalielewa. Lakini swali la kutapika uliliruka.

Mzigo Njiani:
Natapika, ila si sana. Wali ukiingia unarudi, nyama inarudi. Siku nyingine hata maji. Kila siku mara moja au mbili, labda wiki tatu sasa. Nikajua ndiyo mwili unazoea. Vidole vya miguu vinakufa ganzi, nadhani ni viatu vimekuwa vikubwa. Nimepanga siku moja kabla ya safari nipite dispensari wanitundikie dripu ya glukosi nipate nguvu.

Nesi Mstaafu:
USITUNDIKIWE GLUKOSI. Nisome taratibu. Mwili unahifadhi vitamini B1 ya wiki chache tu. Wewe unatapika kila siku, hupati chakula, vidonge umeacha, na miguu imeanza ganzi. Hiyo inaweza kuwa B1 imekwisha, na si viatu. Ukiingiziwa sukari kwenye mshipa kabla ya B1, ile kidogo iliyobaki inatumika yote na ubongo unaweza kuumia. Mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, anayumba, anachanganyikiwa, na wengine kumbukumbu hazirudi. Nenda leo hospitali uliyofanyiwa, sema maneno haya: nina slivu ya mwezi na kitu, natapika kila siku, miguu ina ganzi, nataka B1 ya sindano kabla ya dripu yoyote. Na wachunguze kama njia imebana. Kutapika hata maji si kuzoea.

Mzigo Njiani:
Mama, leo nina miadi na wakala wa mizigo saa nane.

Mama Tausi:
Wakala anasubiri. Hili halisubiri.

Mpiga Ramli:
Bro nenda. Mimi ndiye niliyesema chai, nimeifuta. Nenda.

Canton Zamani:
Na maonyesho si mwisho wa dunia. Soko la Yiwu, huko huko China, liko wazi karibu mwaka mzima na vyombo vimejaa.

Mama Tausi:
Hayo mengine yashike kwa siku utakayosafiri. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, yai moja lina kama 6, kwa hiyo mayai peke yake hayakufikishi. Kila ukikaa mezani anza na samaki au tofu, wali mwisho, na pengine hutaufikia. Wachina wanakumiminia chai kabla hujavuta kiti. Usiiguse, maji na chakula visikutane, subiri nusu saa. Chai inazuia na chuma pia. Chupa ya maji itembee na wewe mabandani, funda dogo dogo, lita moja na nusu mpaka jioni. Poda ya protini ibebe kwenye kopo lake na barua ya daktari. Kwenye ndege vaa soksi za kubana, simama kila saa. Na vidonge: vihamishie kwenye kile kiboksi chenye siku za wiki, waambie ni vitamini za presha. Mimi nilisema za nywele na hakuna aliyeuliza tena.

Shangazi wa Temeke:
Za nywele, hiyo nimeichukua.

Mzigo Njiani:
Wakuu, nimerudi. Jana nilienda, wakala nimempigia simu njiani. Nimechomwa B1, leo tena na kesho tena. Daktari alikasirika kwanza, akacheka kidogo niliposema viatu. Wameingiza kamera, sehemu ya mrija imevimba na kubana, kuna kuipanua wiki ijayo. Kwa sasa vya maji tu, supu ya kuchuja na maziwa. Safari amekataa mpaka mwezi wa kumi na moja atakaponiona tena. Tarehe ya tiketi nimesogeza kwa faini, imeniuma.

Vidonge nimemeza mbele ya kijana wa dukani. Nikamwambia za nywele. Akaniangalia kipara akanyamaza.

Nesi Mstaafu:
Alhamdulillah. Ganzi ikipanda juu au macho yakicheza usisubiri miadi.

Canton Zamani:
Na mzigo wa sikukuu?

Mzigo Njiani:
Wale wenzangu wawili wanaondoka Jumapili. Nimewapa orodha na hela yote, wataninunulia wao.

Mpiga Ramli:
Hela yote? Mkuu, hizo risiti umechukua?