Serikali isaidie vipi watengenezaji wa mafuta mbadala: ruzuku ya kila lita, mkopo wa mtambo au sheria ya kuchanganya?

MsindikajiMdogo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni kikundi cha watu sita tunaotengeneza bayodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya mimea, kutokana na mafuta yaliyokwisha kukaangia, ambayo tunayakusanya kwa madumu kutoka migahawani na kwenye majiko ya mabweni. Kazi imeanza kutulipa, ila mtambo wetu ni mdogo, na sasa tumeombwa kutoa maoni ya maandishi kuhusu namna serikali inavyopaswa kusaidia uzalishaji wa nishati ya mimea na mafuta mengine mbadala ya vyombo vya usafiri.

Ndani ya kikundi tumegawanyika. Wapo wanaotaka tuombe ruzuku kwa kila lita inayouzwa, wapo wanaotaka mkopo wa riba nafuu wa kununulia mtambo mkubwa, na mimi naelekea kwenye sheria ya kuwalazimisha wauzaji wa petroli na dizeli kuchanganya kiasi fulani cha mafuta ya mimea katika kila lita wanayouza, kwa kuwa naamini soko la uhakika ni bora kuliko fedha ya mkononi. Naomba mnaoifahamu historia ya mambo haya mnisaidie: ni msaada upi uliowahi kudumu, na ni upi uliowaacha watengenezaji njiani?

Mizania

Ndugu MsindikajiMdogo, swali lako limekuja wakati mzuri, kwa sababu nchi nyingi zimekwisha kujaribu njia zote tatu na matokeo yake yanajulikana.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Brazili. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, serikali yake ilianzisha mpango wa Proálcool mwezi Novemba 1975, na haikuegemea njia moja: ilitoa mikopo nafuu kwa viwanda vya ethanoli ya miwa (spiriti inayoweza kuendesha magari), iliitumia kampuni ya mafuta ya taifa, Petrobras, kununua na kusambaza ethanoli hiyo, na ilihakikisha bei yake kwenye pampu inabaki chini ya ile ya petroli. Mwaka 1979 yakaanza kuuzwa magari yanayotumia ethanoli pekee, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari tisa kati ya kumi mapya madogo yalikuwa ya aina hiyo. Kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka mwaka 1986, sukari ikapanda bei baadaye, wenye viwanda wakageuza miwa yao kuwa sukari, na mwaka 1989 na 1990 wenye magari yale wakajikuta na chombo kisichoweza kutumia kitu kingine huku ethanoli ikiadimika vituoni. Imani ya wanunuzi ilivunjika, na haikurejea mpaka mwaka 2003 yalipoingia magari yanayokubali petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Tangu hapo dereva ndiye anayepima mwenyewe kwenye pampu: kwa kuwa lita ya ethanoli ina takriban asilimia 70 ya nguvu ya lita ya petroli, huinunua pale tu bei yake inapokuwa chini ya kiwango hicho.

Sasa nikuombe uutazame kwa makini upande wako wa sheria ya kuchanganya, maana hapo ndipo naona hatari kwa kikundi kama chenu. Ujerumani iliiacha bayodizeli isiyochanganywa bila kodi kwa miaka mingi, na wenye malori wengi wakaizoea. Agosti 2006 kodi ilianza kutozwa na kupangwa ipande hatua kwa hatua, na mwaka 2007 ikaingia sheria ya kuchanganya. Kampuni kubwa za mafuta ziliendelea kununua bayodizeli kwa ajili ya kutimiza sheria hiyo, lakini vituo na viwanda vidogo vilivyokuwa vikiwauzia wenye malori moja kwa moja vilipoteza wateja wao. Anayelazimishwa na sheria kuchanganya hatafuti wauzaji ishirini wenye mapipa. Anatafuta mmoja mwenye meli, mwenye cheti cha ubora na mwenye uwezo wa kulipa fidia mzigo ukichelewa. Soko la uhakika litakuwepo, ila si lazima liwe lenu.

Ruzuku ya kila lita nayo ina udhaifu wake, kwa sababu inategemea bajeti au sheria yenye tarehe ya kuisha. Marekani ilitoa nafuu ya kodi ya senti 45 kwa kila galoni ya ethanoli iliyochanganywa, na ikaisha tarehe 31 Desemba 2011. Viwanda vya mahindi havikuanguka, kwa kuwa sheria ya kuchanganya ilikuwa tayari imewabeba. Asiye na kinga ya pili angezama.

FundiPampu

Mimi si mtu wa sera, ni fundi wa injini za dizeli, lakini naona mnajadili fedha kabla ya kujadili kilichomo ndani ya dumu.

Niliwahi kuletewa lori lililokuwa likikata nguvu mlimani. Nilipofungua filta ya dizeli nilikuta ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa umejaa kwenye karatasi yake, na ukiushika kwa vidole unateleza kama sabuni iliyolowa. Ilikuwa ni sabuni kweli. Mtengenezaji alitumia mafuta ya kukaangia yenye maji, kostiki soda inayotumika kutengenezea bayodizeli ikageuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni, naye hakuosha bayodizeli yake vya kutosha kabla ya kuiuza. Mwenye lori alinunua filta mpya, akalipa kusafishiwa nozeli, na hadi leo hataki kusikia neno bayodizeli. Mteja mmoja wa namna hiyo huzungumza na madereva mia moja.

(Niongeze jambo moja ambalo si kosa la mtengenezaji: hata bayodizeli nzuri huyeyusha uchafu wa miaka mingi uliogandia kwenye tangi la gari kuukuu, kwa hiyo filta huziba mapema mwanzoni. Mwambieni mteja abadilishe filta baada ya matangi mawili au matatu ya kwanza, naye hatawalaumu.)

Kipo kipimo rahisi mnachoweza kukifanya leo. Mimina mililita 3 za bayodizeli yenu katika mililita 27 za methanoli ndani ya chupa ya kioo, tikisa, kisha iache itulie nusu saa kwenye joto la nyuzi 20 au zaidi kidogo. Ikiwa mafuta yamebadilika yote, kioevu kitabaki angavu. Ukiona tone limezama chini, hayo ni mafuta mabichi na mtambo wenu haujamaliza kazi. Methanoli ni sumu na inashika moto upesi, basi fanyeni nje, mbali na jiko. Kipimo hiki hata hivyo hakionyeshi maji wala sabuni, na kiwango cha Ulaya cha EN 14214 hakiruhusu maji kuzidi miligramu 500 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Hiyo inahitaji maabara. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayeandika maoni hayo, ningeomba maabara ya umma inayopima sampuli za wadogo kwa ada ndogo, kabla ya kuomba mtambo mkubwa wa kutengeneza kosa lile lile kwa wingi.

Shamba na Chakula

Nakubaliana na Fundi, na ninaongeza upande wa malighafi, kwa sababu serikali nyingi zimeweka malengo bila kujua mafuta yenyewe yatatoka wapi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 ilitaka nishati ya mimea ifike galoni bilioni 36 ifikapo mwaka 2022, na kati ya hizo bilioni 16 zitokane na mabua, majani na mbao, ili mahindi yasielemewe. Ethanoli ya mahindi ilipatikana. Ile ya mabua haikukaribia hata kidogo, na mamlaka husika ililazimika kulipunguza lengo hilo mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kuvunja nyuzi za mmea ili zitoe sukari ni kazi ngumu kuliko kuchachua nafaka. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mbono kaburi (jatropha), mmea wenye mbegu za mafuta, miaka ya 2000: ulisifiwa kwamba unastawi kwenye ardhi kame isiyofaa kwa chakula, wakulima wakahimizwa kuupanda katika nchi nyingi, na ikadhihirika kwamba unaweza kuishi kwenye ardhi mbaya lakini mbegu za kutosha unazitoa pale unapopata maji na rutuba kama zao jingine lolote. Aliyepoteza misimu mitatu hapo alikuwa mkulima, na hakuna aliyemlipa.

Umoja wa Ulaya nao ulijirekebisha. Mwaka 2009 uliweka lengo la asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri ifikapo 2020, kisha mwaka 2015 ukaweka ukomo wa asilimia 7 kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula, baada ya kuonekana kwamba kuondoa zao shambani kwa ajili ya mafuta husukuma kilimo kuingia msituni mahali pengine.

Ninyi mnatumia taka, na hiyo ni nguvu yenu kubwa. Lakini taka ikipewa thamani kubwa kuliko mafuta mapya, udanganyifu huingia, mtu akauza mafuta mapya kwa jina la yaliyotumika. Basi ombeni serikali iweke mfumo wa kufuatilia kila dumu, nanyi muwe wa kwanza kuonyesha madaftari yenu.

Njia Nyingine

Fupi tu. Kwa magari madogo, umeme unakwenda kasi: Norwe iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye magari ya umeme tangu 2001, ikaidumisha nafuu hiyo kwa miongo miwili, na mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yalikuwa ya umeme. New Zealand ilifanya kinyume kwa upande wa magari ya gesi asilia: iliwakopesha watu kwa masharti nafuu ili wabadilishe magari, ikaondoa msaada huo katikati ya miaka ya 1980, na ubadilishaji ukaporomoka.

Kinachowahusu zaidi ni ndege. Tangu 2025 Umoja wa Ulaya unataka mafuta ya ndege yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu, ipande hadi 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050, na malighafi inayotumika zaidi kwa sasa ni hayo hayo mafuta ya kukaangia mnayoyakusanya. Jiandaeni kwa bei ya dumu kupanda.

MsindikajiMdogo

Nawashukuru sana, na kwako Fundi, tumeshafanya kipimo chako jana jioni. Chupa mbili zilibaki angavu, ya tatu ilikuwa na tone chini. Ile ya tatu ilitoka kwenye mzigo tuliouharakisha kwa sababu mteja alikuwa anasubiri mlangoni, na tumekubaliana kuurudisha wote kwenye mtambo.

Msimamo wangu umebadilika. Swali langu la mwisho: je, upo msaada unaomlipa mtengenezaji kwa kiasi cha hewa ukaa anachokiepusha, badala ya kumlipa kwa lita?

Mizania

Upo. California ilianza kuutekeleza mwaka 2011 na Brazili ikapitisha sheria ya RenovaBio mwaka 2017. Kila mafuta hupimwa kuanzia malighafi hadi kwenye tangi, na yaliyo safi zaidi hupata vyeti vingi zaidi vya kuwauzia wasambazaji wa mafuta wanaolazimishwa na sheria kuwa navyo. Bayodizeli ya mafuta yaliyotumika hufanya vizuri katika hesabu hiyo. Tahadhari ni mbili: bei ya vyeti hupanda na kushuka, na gharama ya kukaguliwa ni ile ile kwa mdogo na kwa mkubwa. Kwa hiyo katika maoni yenu andikeni kwamba mnaunga mkono malipo ya namna hiyo, kwa sharti kwamba vikundi vidogo viruhusiwe kukaguliwa kwa pamoja kama mzalishaji mmoja, maabara ya umma iwepo kabla ya sheria kuanza kutumika, na kila mabadiliko yatangazwe angalau miaka miwili kabla. Ukiwa na rasimu, iweke hapa tuipitie.