Nimelipia hadithi ya mtu mmoja, sasa naambiwa nitafute jirani mwenye Switch?

Wasee, hii kitu imenikaa kooni muda mrefu na leo naitoa. Nacheza Pokémon Scarlet kwa Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, hapa Nairobi. Hii gemu inauzwa kwa matoleo mawili, Scarlet na Violet, na kila moja iko na Pokémon wengine hawako kwa ingine. Hadithi nimemaliza yote, Victory Road, ile ya Titans, ile ya Team Star, nimeshuka mpaka Area Zero nikapigana na kila kitu kiko huko chini, majina ya watengenezaji yamepita kwa skrini na muziki umeisha. Na bado Pokédex yangu, ile orodha ya Pokémon umeshika, iko na mashimo. Si ati ni uvivu. Ni mashimo gemu yenyewe imeweka makusudi, na huwezi kuyajaza hadi upate mtu mwingine mwenye amelipa pesa ingine.

Kwanza tukumbuke hiyo kazi ya kukusanya inatoka wapi. Wewe ni mwanafunzi, mwalimu wa bayolojia anaitwa Jacq anakuwekea programu ya Pokédex kwa simu, anakwambia zunguka ujaze, kila ukifikisha idadi fulani anakupea zawadi, na ukitimiza wote 400 wa Paldea, nchi ya hiyo gemu, anakupatia Shiny Charm, kitu cha kukuongezea bahati ya kupata Pokémon wa rangi adimu. Hiyo ni kazi ya ndani ya hadithi, umepewa na mtu wa ndani ya hadithi. Hakuna mahali Jacq amekwambia enda ununue na Violet pia. Lakini ukiwa na Scarlet peke yake bila kutreidi (kubadilishana Pokémon) wala kucheza na mtu, hao 400 huwezi fikisha, hata ucheze usiku na mchana.

Chukua Charcadet, kale kadogo ka moto. Unaenda mji wa Zapapico, kuna mtu amesimama pale anataka vipande 10 vya Bronzor, Pokémon mwingine, unazunguka unapiga Bronzor mpaka vinatimia, unarudi, anakupea Auspicious Armor na Charcadet wako anakuwa Armarouge. Hapo sina shida, nimefanya kazi nimelipwa. Sasa Ceruledge je? Yule mwenye mapanga badala ya mikono, mimi kwangu ndiye Pokémon mzuri kuliko wote wa hiyo gemu. Kwa Violet, pale pale Zapapico, wanataka vipande 10 vya Sinistea na wanatoa Malicious Armor. Sinistea hata kwa Scarlet wako! Napigana nao, wanaangusha vipande, vimejaa kwa mfuko, na hakuna mtu wa kuvipokea. Hapo nani ataniambia ni mambo ya hadithi? Kitu kiko, mahali pako, mtu yuko, ni vile tu ameamua kwangu anataka vya Bronzor.

Lakini kitu kimenifanya nifungue huu uzi ni Finizen.

Kwa wenye hamjui, Finizen ni pomboo. Unamshika mapema, baharini wako wengi. Mpwa wangu alimpenda siku ya kwanza na akasema huyo ni wake, sisi wengine tusimguse. Akamlea vizuri kabisa, akamweka kwa timu, akapigana naye kila mahali, levo 40 ikapita, 50 ikapita, sasa yuko 60 na kitu na bado ni kale kapomboo ka kwanza. Mtoto akaniuliza, anko, huyu mbona hakui? Nikaanza kutafuta kwa Google. Kumbe Finizen anageuka kuwa Palafin kuanzia levo 38, lakini LAZIMA apande levo ukiwa ndani ya Union Circle, yaani uwe umeunganishwa na mchezaji mwingine wakati huo. Mtu mwingine, Switch ingine, gemu ingine. Na hakuna mtu ndani ya gemu anakuja kukwambia waziwazi. Hakuna mwalimu, hakuna mtu barabarani, mtoto angemlea huyo pomboo hadi levo 100 akidhani yeye ndiye hafanyi vizuri.

Na uchungu ni kwamba Palafin ni mojawapo ya vitu vizuri sana wamewahi kubuni. Akitoka tu anafanana na Finizen, unaona ni kama hakuna kitu kimebadilika, halafu ukimrudisha umtoe tena mara ya pili anakuja akiwa shujaa, misuli imejaa, jumla ya nguvu zake inaruka kutoka 457 hadi 650. Hakubali kugeuka mbele ya watu, ndio maana lazima arudi kwanza. Hiyo ni hadithi! Hicho ndicho kitu mtoto anafaa aone kwa macho yake, na wamemficha mtu ambaye hana rafiki mwenye hiyo mashine.

Najua mtu atakuja hapa kusema mnataka vitu rahisi. Hapana. Kuna Pokémon anaitwa Gimmighoul anataka sarafu 999 ndio awe Gholdengo, nimepanda kila mnara na kila gofu kuziokota na sikulalamika. Vile vigingi vya kung'oa kufungua wale Pokémon wanne wa Ruin waliofungiwa ni 32, nane kwa kila rangi, nimeving'oa vyote, milimani, kwa mapango, kwa mito. Hiyo ni jasho na mimi napenda jasho. Mniambie nitafute vigingi mia mbili nitavitafuta. Lakini nikiambiwa tafuta mteja wetu mwingine, hiyo si changamoto, hiyo ni biashara.

Na wasituambie haiwezekani kufanya vingine kwa sababu walishafanya. Legends: Arceus, gemu ingine ya Pokémon, ilitoka Januari 2022, miezi kama kumi tu kabla ya Scarlet na Violet. Haina matoleo mawili. Kupata Spiritomb unakusanya mioto midogo 107, peke yako. Arceus mwenyewe unamfikia ukishika wengine wote wa Hisui, nchi ya gemu hiyo, isipokuwa Darkrai na Shaymin. Wale wa kugeuka kwa kutreidi, Haunter, Kadabra, Machoke, Graveler, wakatengenezewa Linking Cord, unainunua kwa Simona, muuzaji wa ndani ya gemu, na pointi za kurudisha mikoba iliyopotea, unaitumia, imeisha. Scyther unampea Metal Coat mkononi anakuwa Scizor saa hiyo hiyo. Nilipoona hivyo nikasema wamesikia. Halafu Scarlet inakuja, Scyther anarudi palepale, ashike Metal Coat na umtume kwa mtu. Yaani walijua dawa, wakaitoa, wakainyang'anya. (Hata hiyo Arceus si malaika, kwa Shaymin wanataka uwe na sevu ya Sword au Shield, kwa Darkrai ya Brilliant Diamond au Shining Pearl, zote ni gemu zingine za Pokémon. Risiti ndio ufunguo.)

Sasa mtu akisema nunua tu zote mbili, tupige hesabu ya hapa kwetu. Scarlet bei ya Marekani ni dola 59.99, hiyo ni zaidi ya elfu saba na mia saba kabla mwenye duka hapa Moi Avenue aweke yake juu. Violet vile vile. Kutreidi onlaini unalipa Switch Online dola 19.99 kwa mwaka. Duka la mtandaoni la Nintendo la Kenya halipo, kwa hivyo unafungua akaunti ya nchi ingine na unaanza kutafuta watu wa kuuza kodi (zile namba za kulipia dukani), kila mmoja na bei yake. Ongeza bando za data. Ukitaka kutreidi bila intaneti mkiwa mmekaa karibu, sawa, ni bure, lakini lazima mashine ziwe mbili. Mtaani kwetu Buruburu ukisema unacheza gemu watu wanajua ni FIFA kwa PlayStation, unalipia mechi unapisha mwingine. Mwenye Switch nimemtafuta sijamwona.

Halafu kuna ile maneno ya kutetea kutreidi, ya "lengo ni watu wapatane". Mwaka 1996 Japani, Red na Green zilipotoka, watoto wa darasa moja walikuwa na Game Boy, waya unachomekwa huku na huku, imeisha. Ilikuwa na maana kwa sababu rafiki alikuwa ameketi dawati linalofuata. Huwezi chukua sheria ya hilo darasa ukailetea mtoto wa Nairobi mwenye ndiye peke yake na hiyo gemu kwa shule nzima, halafu useme unamfundisha urafiki. Unamfundisha ya kwamba kuna wenye watamaliza na yeye hayuko.

Ninachotaka hata si kingi. Kutreidi kubaki kwa wenye wanaweza, sikatai, lakini kila kiumbe wa hadithi awe na njia ya mtu mmoja, hata iwe ngumu mara kumi. Rudisheni Linking Cord. Huyo mtu wa Zapapico apokee vipande vya Sinistea baada ya hadithi kuisha. Finizen mpeni mtu wa ndani ya gemu wa kuogelea naye.

Kabla hiyo siku ifike: kama uko Nairobi na uko na Violet, niandikie inbox. Nina Roaring Moon na Armarouge wa kupeana, natafuta Ceruledge na Iron Valiant, na dakika chache za Union Circle ndio mpwa wangu apandishe huyo pomboo levo moja. Tunaweza patana tao wikendi, mahali pa watu wengi. Wa kuitisha pesa msinitafute.