Magugu ya pembezoni mwa shamba la nyanya: nifyeke yote au nibakize mengine?

MamaTenga (Ilula):
Habarini wakuu. Nalima nyanya nusu ekari hapa Ilula, Iringa, kwa kumwagilia. Msimu uliopita rasta, ule ugonjwa wa virusi wa kujikunja majani, ilinimaliza. Miche ilishika vizuri, halafu kwenye wiki ya nne majani ya juu yakaanza kujikunja kama kikombe, pembeni yakawa njano, mti ukadumaa na maua yakapukutika. Nilivuna matenga tisa tu.

Siku chache baada ya kuhamishia miche niliweka vibarua wafyeke mpaka wote na kingo za mfereji, nikitaka shamba liwe safi. Kila panga lilipopita, inzi weupe waliruka kama unga uliopulizwa. Wakati ule sikulitilia maanani, ila sasa ndilo linaloninyima usingizi.

Kitalu kipya kina wiki mbili. Mpakani kuna mnavu, ndulele, mnanaha na kishona nguo tele. Jirani ananiambia nipige dawa ya magugu mpaka ibaki ardhi tupu. Wifi yangu wa Moshi anasema niache yenye maua. Nimsikilize nani?

Kijana wa Meru:
Fyeka yote dada. Sisi kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na nyanya, alitukuta 2014, tukawa tunapiga dawa kila wiki na bado nyanya zinatobolewa. Kumbe ukishavuna, anahamia kwenye ndulele kumsubiri mwenye miche mipya.

Mzee wa Ugani:
Mwanangu MamaTenga, pole sana. Kufyeka hukukosea, ulichokosea ni wakati. Inzi mweupe akiwa kwenye gugu ametulia, anafyonza. Ukimkatia gugu wakati miche yako laini iko hatua tano kutoka hapo, atakwenda wapi? Na akishafyonza mmea wenye virusi vya rasta hubaki navyo kwa muda mrefu, kila mche anaoutua anaupa. Rasta haina dawa, mche ulioupata ni wa kung'oa tu.

Kwa hiyo mpaka usafishwe wiki mbili au tatu kabla ya kuhamishia, magugu yakauke kabisa, wadudu watawanyike au wafe njaa.

La pili, usiyaweke magugu yote kapu moja. Mnavu, ndulele na mnanaha ni ukoo wa nyanya. Kantangaze anataga juu yake na kukuza watoto humo. Mnavu na mnanaha huweza pia kubeba virusi vya rasta, mara nyingine bila kuonyesha dalili yoyote. Hayo matatu ng'oa na mizizi.

MamaTenga:
Shikamoo Mzee. Mnavu huo ndio mboga yetu na mafungu mengine napeleka sokoni. Niung'oe kweli?

Mzee wa Ugani:
Marahaba. Uhamishie nyuma ya nyumba, mbali na nyanya, na uuchume ukiwa mchanga. Ukiona jani lina mchoro mweupe kama karatasi ya nailoni na vinyesi vyeusi ndani yake, huyo ni kantangaze, lichome.

Dada Maharage:
Mimi niko upande wa wifi, ingawa nalima maharage. Zamani nilikuwa nafyeka kishona nguo nikiona kimejaa wadudu mafuta weusi. Siku moja nikainama kuangalia kwa karibu. Katikati yao walikuwepo waliovimba, rangi ya shaba, wakavu kama mbegu. Mmoja alikuwa na tundu la mviringo mgongoni. Nyigu mdogo kuliko sisimizi hutaga yai ndani ya mdudu mafuta, mtoto wake anamla kwa ndani, halafu anatoboa na kutoka. Nilikuwa nafyeka walinzi wangu! Nyigu hao wakishakomaa hunywa maji matamu ya maua, na shamba lisilo na ua hawakai. Sasa naacha ukanda wa hatua mbili mpakani, ndani ya shamba napalilia kabisa.

Kijana wa Meru:
Lakini kishona nguo kinafuga vithiripi pia, vile vidudu vyembamba vinavyojificha kwenye maua, na hao ni balaa kwenye nyanya.

Dada Maharage:
Ni kweli, kaka. Ndiyo maana kisisogee karibu na mistari, na usikifyeke ghafla kikiwa na maua. Na dawa ukiipuliza mpaka ikafika ukandani, umewaua wote pamoja.

Ja Mbita:
Huku kwetu Kenya, kando ya Ziwa Victoria, icipe, wale watafiti wa wadudu, walitufundisha kutumia majani yenyewe. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi inamfukuza nondo wa funza wa mabua na kuzuia kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi; majani ya tembo pembeni yanamvuta akatage huko. Watoto wake wengi hunaswa na utomvu wa majani hayo, hawafiki ukubwani.

MamaTenga:
Asanteni sana. Asubuhi nimegeuza jani la ndulele: chini yake vigamba vidogo vya njano vimeganda, havitembei, na inzi weupe wamekaa kando yao. Iko hatua kumi tu kutoka kitaluni. Naanza kung'oa leo hii.

Mzee wa Ugani:
Subiri kwanza mwanangu! Kitalu umekifunika? Ukianza na ndulele, hao inzi weupe watahamia kwenye miche hiyohiyo. Funika leo kwa neti ya vitalu yenye matundu madogo kabisa, kingo uzifukie kwa udongo. Chandarua cha mbu inzi mweupe anapita. Ukishafunika ndipo ushike jembe.