Bia ya kimea mara ya kwanza: mfuko au boksi la barafu? (niko Malindi)

MwanaMuyeye
Wadau salaam. Nataka mwezi huu nipike bia yangu ya kwanza ya kimea chenyewe, si ile ya sharubati ya kimea ya kopo. Ya kopo nishafanya mara mbili, ya kwanza ikatoka sawa, ya pili ikaniuma kichwa siku nzima, na raha yenyewe sikuiona manake ni kama kupika pilau ya pakiti. Sasa shemeji yangu kaniletea kilo 5 za kimea cha shayiri kutoka Italia, hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu) ziko friza, na mamangu kaniazima sufuria la lita 20 kwa masharti mengi.

Nikisoma naona njia mbili. Moja unatia kimea kwenye mfuko wa kitambaa, unautumbukiza kwenye sufuria la maji moto, saa moja, unautoa halafu unachemsha maji yale yale na hopsi. Ya pili ni boksi la barafu kama lile la samaki, unalitoboa unatia koki, unaloweka kimea mle ndani, unakinga yale maji matamu kisha unamwagia maji mengine ya moto kusuuzia. Nani kajaribu zote mbili? Nina jiko moja la gesi, nyumba haina AC, na pesa ni za kuhesabu.

Ndege_wa_Bergamo
Mimi mtoto wa Maweni ila niko Italia mwaka wa tisa, huku kupika bia ya nyumbani ya kunywa wewe na jamaa zako ni ruhusa bora usiuze. Nimeanza na boksi, nikahamia mfuko, sasa nina vyote na mfuko ndo natumia zaidi.

Boksi lina raha yake, ukilipasha na maji moto kwanza linashika joto saa nzima haliteremki hata nyuzi moja, na maji yanatoka maangavu. Lakini lataka vyombo viwili vya moto, cha maji ya kusuuzia na cha kupokelea, na wewe una jiko moja. Halafu kuna shida ya kuziba. Kimea kikisagwa laini sana kinakuwa bumba kama ugali, koki haitoi tone, na wewe umesimama na mwiko saa nane mchana unamwomba Mungu.

Mfuko hauzibi, ni kifumbu tu kile cha kuchujia tui ila kikubwa. Kwa sufuria la lita 20 usijaribu kupika bia ya lita 20, haiingii. Pika ya lita 10: kimea kilo 2.3, maji lita 15 (kimea kitakunywa kama lita moja na kitu, na nyingine kama tatu zitaruka na mvuke). Pasha maji mpaka 68 au 69, ukitia kimea itashuka kwenye 66, hapo ndo pazuri. Ukiwa chini, 63 hivi, bia inatoka nyepesi kavu, ukipanda 69 inabaki nzito na utamu wake. Na ukifuata hesabu za wazungu jua wao wanakisia kimea chao kina nyuzi 18 au 20, chako kabatini kiko 29, kwa hivo kwenye boksi lenye maji machache utapitiliza kama nyuzi moja.

Bi_Kache
Nyie watoto mwatumia vipimo vingi. Sisi tulikuwa twaotesha kimea cha wimbi wenyewe, chaanikwa, chasagwa, na ukikionja kwenye uji wajua kama kimekubali manake uji mzito wageuka mwepesi na mtamu mbele ya macho yako. Onja mwanangu. Baada ya saa maji yakiwa hayana utamu kama togwa usichemshe, ngoja.

Na kusaga, usipeleke posho mill wakakufanyia unga. Mwambie afungue mawe, au twanga kwenye kinu pole pole, punje ipasuke lakini kapi libaki zima.

MwanaMuyeye
Ahsante bibi, hilo la kinu limenifaa. Ndege nashukuru pia, naona mfuko unaongoza.

fundi_baridi
Samahanini naharibu sherehe. Mwabishana mfuko na boksi na zote zitakupa maji matamu yale yale. Malindi bia haiharibikiwi kwenye kimea, inaharibikiwa kwenye dumu, inapochachuka na hamira. Kaskazi hii ndani ya nyumba ni nyuzi 29, 30. Hamira ya kawaida inayotajwa kwenye mapishi mengi yataka 18 mpaka 22, na ikishaanza kazi yenyewe inapasha dumu nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba, kwa hivo mle ndani wapata 33, 34. Hapo inatoa pombe nzito nzito na harufu ya rangi ya kucha. Ile ya pili iliyokuuma kichwa naweka dau ilikuwa hivo, ya kwanza ulipika lini, mwezi wa saba?

Njia zako ni hizi. Friji kuukuu na kidhibiti joto cha nje, inafanya kazi vizuri kabisa lakini stima yake utaiona kwenye tokeni. Dumu ndani ya beseni la maji na leso mbichi juu, hiyo wanaisifu watu wa nchi kavu, hapa hewa yenyewe ni maji tupu, leso haikauki, utashusha nyuzi mbili ukibahatika. Chupa za barafu ndani ya beseni kubadilisha asubuhi na jioni, inawezekana ila hutasafiri siku tano. Ama ubadilishe hamira. Kuna hamira za mashambani za Norwei, wenyewe waziita kveik, ile ya Voss inapenda 35 mpaka 40. Sio inavumilia, inapenda. Joto letu kwake ni nyumbani.

Na mimi ndo nauza friji za mkono wa pili, mjue najinyima riziki hapa.

Ndege_wa_Bergamo
Fundi kasema kweli na kuna faida nyingine hakuitaja. Baada ya kuchemsha lazima upoze haraka kabla ya kutia hamira. Huku mfereji unatoa maji ya nyuzi 12, nazungusha bomba la shaba dakika 20 basi. Huko maji ya mfereji yenyewe ni 28, utashushaje hadi 20? Na kveik unaishia 37, maji ya mfereji na barafu kidogo yanatosha.

MtamaTu
Kwani lazima shayiri ya kuletewa? Mtama uko sokoni, na bia ya keg ile ya bei nafuu inatoka kwa mtama hapa hapa Kenya. Mimi ningesema nusu kwa nusu.

fundi_baridi
@MtamaTu kwa mara ya kwanza hapana kaka. Wanga wa mtama unalainika kwenye joto la juu kuliko la shayiri, ukiutia tu kwenye 66 unabaki mchanga. Inabidi uupike uji kwanza, upoe kidogo, ndo uchanganye na kimea cha shayiri kiukate. Ni batch ya tatu hiyo.

Mpwani_wa_Shela
Mimi niko Lamu na sinywi, nimeingia kwa udaku, lakini maji ninayajua. Usitumie ya kisima cha karibu na bahari, ile chumvi unayoisikia kwenye chai itaingia humo pia. Sisi Lamu twajivunia maji ya machimbo ya Shela, yachujwa na mchanga, nyie mnayo ya mto Sabaki kutoka Baricho. Ya mfereji yana klorini, yachemshe siku moja kabla uyaache wazi yapoe. Klorini ikikutana na kimea yatoa ladha ya plasta ya kidonda, nimeambiwa na watu wanaokunywa.

Na sheria ya vileo ya 2010 yasema kutengeneza na kuuza kwataka leseni, kaulize kwanza ofisi ya leseni kabla hujaalika mtaa mzima.

MwanaMuyeye
Ofisini nishaenda kuuliza, na ya kuuza si mpango wangu. Nimeagiza kveik. Nitarudi.

MwanaMuyeye
Nimerudi, wiki tatu baadaye. Ngojeni niwape ilivyokuwa.

Mfuko nilishonewa na fundi cherehani kwa neti nyeupe ya pazia, akaniuliza ni chandarua cha nini, nikamwambia cha mtoto. Kimea nikatwanga kwenye kinu, kilo 2.3 imenichukua saa nzima na kiganja kimetoa lengelenge. Maji 69, nikatia, ikakaa 66 barabara, nikafunika na blanketi na leso mbili. Baada ya saa ilikuwa 64. Nilinunua iodini duka la dawa, tone moja kwenye kisahani cheupe na maji ya kimea, mwanzoni iligeuka nyeusi kama wino, mwishoni ikabaki na rangi yake ya hudhurungi, yaani wanga umekwisha kugeuka sukari. Bibi nilionja pia, togwa kabisa.

Sasa kutoa mfuko. Nilipikia uani, nikaufunga kamba nikautundika kwenye boriti ya kibanda uchuruzike, nikageuka kuchukua mwiko, fundo likafyatuka. Mfuko wote ukarudi sufuriani kwa kishindo, mguu wa kushoto umepata moto na uwanja mzima unanata. Ndani ya dakika kumi sisimizi wa Muyeye wote walikuwa wamepata taarifa. Nilipanga kuchemsha saa moja, dakika ya 40 gesi ikakata. Nikamalizia kwa makaa, nikipepea kama muuza mishkaki.

Nikapoza kwenye karai na barafu ya kule wanakouza samaki, dakika 25 ikafika 36. Haidromita (kile kipimo kinachoelea cha kujua sukari iliyomo) ilisoma 1.046 nilipoipima kwenye nyuzi 30. Hamira nikatia saa kumi na mbili jioni, usiku saa tano dumu lilikuwa linagugumia. Siku ya tano ilisoma 1.010 na ya sita 1.010, joto lile lile la 30. Harufu ya machungwa, hakuna rangi ya kucha.

fundi_baridi
Hongera sana. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, kwa 30 ongeza pointi 2 au 3 kwenye kila kipimo, kwa hivo ulianza kama 1.048 na umemalizia 1.012. Pombe ni kama asilimia 4.7. Kwa kuwa siku mbili haijashuka sasa waweza kutia chupa, sukari gramu 7 kwa lita, usizidishe, na chupa ziwe zile nene za bia. Za sharubati zikipasuka usiku jirani atadhani ni risasi.

MwanaMuyeye
Nimetia chupa 17. Moja ya Ndege akija likizo. Boksi la barafu sijalisahau ila mpaka ninunue jiko la pili.

Bi_Kache
Machicha umeyatupa wapi? Nina kuku.

MwanaMuyeye
Bibi mengine yalibaki uani wakala sisimizi, ya mfukoni niliyaanika. Nakuletea kesho.