Tupeane uzoefu: kusoma kwa kujibizana na kompyuta

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ningependa wazee, walimu na wanafunzi wa Unguja na Pemba tuelezane namna watoto wetu wanavyosoma kwa kujibizana na programu za kompyuta na simu. Naanza mimi.

Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili aliandika kwamba mashua inaelea kwa sababu imeundwa kwa mbao. Programu, ambayo nilikuwa nimeiagiza isimpe jibu, ikamuuliza mbona meli ya chuma itokayo Mkoani kwenda Unguja haizami. Akajibu kuwa haizami kwa sababu ni kubwa. Ikamuuliza tena kama pande kubwa la chuma, lisilo na uwazi ndani, nalo lingeelea. Hapo alinyamaza, akachora meli daftarini, kisha akaandika kwamba meli ina uwazi mkubwa ndani, kwa hiyo husukuma maji mengi, na uzito wa maji hayo ndio unaolingana na uzito wa meli nzima. Kanuni hiyo ya Archimedes alikwisha kuinakili kutoka ubaoni bila ya kosa hata moja, lakini hakuna aliyewahi kumtaka aitetee.

Mtindo huu una umri mkubwa. Mwaka 1970 Jaime Carbonell, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza programu yake ya SCHOLAR, iliyouliza na kuulizwa kuhusu jiografia ya Amerika ya Kusini. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Memphis, Art Graesser na wenzake waliunda AutoTutor, ambayo hulinganisha maelezo ya mwanafunzi na hoja zinazotarajiwa na pia makosa yaliyozoeleka, humhimiza aendelee kueleza, humdokezea, na humtajia hoja yenyewe pale tu anaposhindwa. Graesser huyo na Natalie Person walionyesha mwaka 1994 kwamba darasani mwanafunzi mmoja huuliza wastani wa maswali 0.11 kwa saa, ilhali akiwa peke yake na mwalimu huuliza 26.5. Kwa sisi wenye madarasa yaliyojaa, tarakimu hizo zinauma.

Mzazi, Jang'ombe

Kwangu mambo yalianza vibaya, Maalim. Kijana wangu alikuwa akiandika swali la skuli, akipokea jibu na kulinakili, na alama za kazi za nyumbani zikapanda huku za mtihani zikishuka. Sasa sharti langu ni kwamba aanze kwa kuiambia programu imuulize yeye, na akimaliza anisomeshe mimi kwa Kiswahili chetu hiki. Akikwama kunieleza, najua bado hajafahamu, hata kama somo lenyewe silijui.

Mwalimu wa historia, Wete

Naunga mkono, ila kwa tahadhari. Programu moja iliwaeleza wanafunzi wangu kwa ufasaha mkubwa kwamba Mapinduzi yalifanyika Aprili 26, 1964, ambayo ni siku ya Muungano, badala ya Januari 12. Lugha yake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba walioijua tarehe sahihi tangu utotoni walianza kujitilia shaka. Nikawataka waisahihishe wao wenyewe kwa ushahidi wa kitabu, na kipindi hicho kikawa kizuri kuliko nilivyokipanga. Hata hivyo, katika somo langu siwaachii peke yao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Makunduchi

Shikamooni. Mimi huona haya kuuliza mbele ya wenzangu, hasa kwa Kiingereza. Kwenye simu huuliza kwa Kiswahili mpaka nielewe, kisha huomba niulizwe swali lilelile kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho cha mtihani. Tatizo langu ni bando, na simu ni ya kaka, naye hurudi usiku.

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake

Marahaba mwanangu. Hapa kwetu wanafunzi watatu hukaa kwenye simu moja, na kabla ya kuandika chochote lazima wakubaliane jibu. Bando halimaliziki haraka, kwani muda mwingi huwa wanabishana wao kwa wao. Muombe mwalimu wako awapangieni baada ya vipindi, mkiwa wasichana peke yenu ikiwa ndivyo mtakavyosema kwa uhuru. Nawakaribisha wengine, hasa walimu wa hisabati.